Juisi Ndani ya Bahari ya Binti Yangu

Nianze na kosa langu, kwa sababu nikilificha jirani yangu atalisema kabla yangu: nilimwaga glasi nzima ya juisi ya machungwa ndani ya bahari ya binti yangu.

Simaanishi bahari yenyewe. Hiyo sijawahi kuiona, na kwa jinsi ninavyokipenda kiti changu, huenda tukafa bila kujuana. Bahari ninayosema ni tangi la kioo, urefu wake kama meza mbili za cherehani zikisogezwa pamoja, nalo limekaa sebuleni kwangu hapa Kitale kati ya kabati la vyombo na magunia ya mahindi. Ndani yake kuna maji ya chumvi, samaki mmoja mwenye mistari, konokono watatu ambao kazi yao ni kufagia kioo, na matumbawe. Juu yake kuna taa za buluu. Zikiwaka, sebule yote inageuka rangi ya wino wa shule, hata mgeni akinywa chai anaonekana kama anakunywa wino wa Quink.

Juisi iliingiaje humo? Ilibebwa na mimi, kwa mkono wangu wa kulia, nikiwa na akili zangu zote, na hilo ndilo linaloniuma. Nilikuwa napiga picha. Simu iko mkono wa kushoto, glasi ya juisi nimeishika mbele ya jicho la simu, mimi mwenyewe nimepanda stuli ili nione vizuri kutoka juu. Stuli ikayumba. Nilikuwa na sekunde moja ya kuchagua kati ya simu na juisi, na nadhani nilichagua simu. Wa kwanza kuelewa kilichotokea alikuwa samaki.

Sasa utauliza, mtu mzima na kidato chake cha nne anapigaje picha kupitia juisi. Ni hadithi ya binti yangu.

Binti yangu yuko Ujerumani, anatunza wazee. Anawaamsha, anawaogesha, anawalisha supu kwa kijiko, anawasikiliza wakisimulia jambo lile lile mara nne. Nilipotangaza hivyo kanisani, watu walinipa hongera na pole kwa pumzi moja. Jirani yangu aliuliza tu kama huko hawana watoto wao wa kuwalisha. Nilienda nyumbani nikajipikia uji, nikajilisha.

Kabla hajaenda alikuwa akifanya kazi mapokezi, katika hoteli moja ndogo mjini. Mwenye hoteli alitaka wageni waliozoea mahindi na maziwa waone kitu ambacho hawajawahi kuona, akaweka hilo tangi mlangoni. Hoteli ilipofungwa, viti vilichukuliwa, vitanda vikachukuliwa, hata mlango wa choo ulipata mtu. Tangi likabaki. Binti yangu ndiye aliyekuwa akilihudumia, basi akaambiwa alichukue. Alikuja nalo kwa mkokoteni, mawe na matumbawe yakiwa kwenye ndoo, yeye akitembea kando huku ameshika ndoo moja kifuani kama mtoto. Nilimwambia hatuna nafasi. Jioni hiyo cherehani yangu ilihamia koridoni, na hadi leo nashona sare za shule nikiwa nimekaa mahali pa kupita watu. Bahati yangu ni kwamba siku hizi hakuna wa kupita.

Alinifundisha kila kitu kabla ya kuondoka. Chumvi ya kuchanganya inatoka Nairobi kwa ndoo. Maji ni ya kuchujwa, si ya bomba. Stima ikipotea kuna betri. Aliniandikia haya yote kwenye karatasi akaibandika kwa kabati, na chini kabisa akaandika: Baba, usiyaonee matumbawe huruma ukayalisha chakula kingi. Mtoto ananijua.

Lakini hakunifundisha kitu kimoja, nacho ni namna ya kuongea naye.

Kwetu Bungoma, nilivyolelewa mimi, neno zito la baba haliendi kwa binti moja kwa moja. Linapitia kwa senge, dada ya baba. Baba akiwa na furaha na binti, anamwambia dada yake, dada anamwambia binti. Baba akikasirika, njia ni hiyo hiyo. Mama yake alipofariki, mtoto akiwa darasa la saba, mimi na yeye tuliishi nyumba moja na mambo yetu yote makubwa yakawa yanazunguka kupitia Sirisia, kwa dada yangu. Alipotaka kuacha kusoma ualimu, nilisikia kutoka Sirisia. Nilipokubali, alisikia kutoka Sirisia. Chumba changu na chumba chake vimetenganishwa na ukuta mmoja. Dada huyo tulimzika mwaka huo huo binti alipopanda ndege. Barabara ikakatika, na sisi wawili tukabaki kila mtu upande wake.

Simu za kwanza zilikuwa za kutia aibu. Umekula? Nimekula. Huko baridi? Baridi. Huku mvua. Sawa Baba. Sawa. Halafu kila mmoja anasubiri mwenzake akate. Lakini tukianza kuzungumza juu ya matumbawe, bana, Jumapili inaisha. Yale ya kijani yamefunguka? Konokono mkubwa yuko hai? Maji umebadilisha lini? Yeye anauliza, mimi najibu, na katikati ya majibu hayo namsikia akipumua vizuri. Ikawa kwamba yale matumbawe ndiyo senge.

Basi Jumapili moja, kati ya swali la chumvi na swali la konokono, aliniambia kwamba mkataba wake wa miaka miwili unaisha. Wamemuuliza kama ataongeza miaka mingine mitatu, na wanataka jibu mwisho wa mwezi. Alilitaja hilo kama mtu anavyotaja kwamba kumekuwa na mawingu. Nikajua ananingoja mimi. Nilikuwa na neno moja tu kinywani, neno la herufi nne, rudi. Nikasema konokono yuko sawa.

Siku hiyo sikulala mchana, na mimi kulala mchana Jumapili ni dini yangu ya pili. Niliwaza hivi: huyu mtoto ameyasahau. Akiyaona matumbawe yake yalivyo, na rangi zake zote, moyo utamvuta mwenyewe na mimi sitakuwa nimesema kitu. Nikapata kazi. Nitampigia picha moja nzuri, picha ya kumrudisha mtu nyumbani.

Nikagundua ni kwa nini hajawahi kunisifu kwa picha. Chini ya zile taa za buluu, jicho langu linaona vizuri kabisa: kuna jani la kijani kama mahindi ya wiki tatu, kuna vitufe vyekundu vyenye kitovu cha manjano, kuna kitu kama uyoga chenye rangi ya machungwa kinachowaka chenyewe kama kaa la moto. Simu haioni hayo. Simu inaona buluu. Picha zangu zote za miaka miwili zilikuwa buluu juu, buluu chini, na katikati doa jeusi ambalo ni samaki. Nilimuuliza binti, akanieleza kwa subira anayotumia kwa wazee wake. Taa za buluu zimezidi, zinameza kila rangi. Weka kioo cha rangi ya machungwa mbele ya kamera. Kitazuia buluu, na rangi zingine zitapata nafasi ya kutoka. Wanaokuza matumbawe wanacho, kinaitwa filta. Akasema ataninunulia huko anitumie. Nikamwambia asijisumbue, kitu kama hicho siwezi kukikosa Trans-Nzoia nzima. Hayo ni majivuno ya mtu asiyetoka nyumbani: anadhani kila kitu kiko huko nje kinamngoja.

Mimi fundi wa nguo, jambo la rangi na mwanga si geni kwangu. Mteja hanunui kitambaa cha sweta ndani ya duka. Anakitoa nje akione juani, kwa sababu chini ya taa za duka maruni na kahawia ni ndugu. Lakini matumbawe huwezi kuyatoa nje ukayaone juani. Nikajaribu njia za nyumbani. Nilianza na karatasi ya mkate, ile ya njano. Picha ikatoka ya kijani yenye ukungu, na neno la kampuni ya mkate likipita katikati ya samaki. Nikanunua peremende za karatasi ya kung'aa, nikazila zote kwa ajili ya sayansi. Karatasi ilikuwa na mikunjo, na kila tumbawe likatokea mara tatu. Hapo ndipo nikakumbuka juisi.

Na nisijidharau kupita kiasi: ilifanya kazi. Kabla ya stuli kuyumba nilipata picha moja, imekaa upande, lakini ndani yake kulikuwa na kipande cha kijani halisi. Nilikipigia kelele ya furaha. Kelele hiyo nadhani ndiyo iliyoyumbisha stuli.

Asubuhi iliyofuata maji yalikuwa meupe kama maji ya kuoshea mchele. Sukari, nilikuja kujua, ni sumu ya polepole kwa bahari ndogo. Matumbawe yote yalikuwa yamejifunga. Vile vitufe vyekundu vimekuwa ngumi. Nilibadilisha maji siku hiyo, nikabadilisha tena keshokutwa yake, nikapita koridoni na ndoo mpaka mgongo ukaniuliza kama tuna mkataba. Nilikaa kando ya vitu hivyo kama mtu anayeuguza mgonjwa. Jirani alikuja na maziwa akanikuta nimeinama mbele ya kioo nikiomba msamaha kwa sauti.

Jirani huyu nimwelezee. Ni mama wa makamo, wazazi wake walitoka Nyandarua wakapata shamba huku yeye akiwa mgongoni. Ana ng'ombe wanne na mdomo mmoja unaowatosha wote. Ua letu ni la miti ya kei, ile ya miiba, si ukuta, kwa hivyo simu zake zote nazisikia. Akitaka mwanawe aje kutoka Nairobi, hasemi hali ya hewa. Anasema, kuja Ijumaa, kuja na kiatu ya shamba. Na Ijumaa kijana yuko hapo, na kiatu. Nimewahi kumwonea wivu, halafu nikajiambia kwamba hana adabu za kwetu.

Zile siku ambazo matumbawe yalikuwa yamejifunga, nilimtumia binti picha za zamani. Si zote ni buluu? Nani atajua. Wiki ya kwanza ikapita. Wiki ya pili akaniandikia: Baba, hiyo konokono iko palepale kwa glasi tangu wiki ile ingine. Imekufa ama ni picha ni moja?

Nilikubali yote. Nilimwambia kwa simu, juisi, stuli, samaki, maji ya mchele. Nikajua nimemaliza kila kitu. Kisha akacheka. Alicheka mpaka nikamsikia mtu mwingine huko kwa lugha yao akimuuliza kuna nini, naye akashindwa kumweleza. Tangu uwanja wa ndege sikuwa nimesikia kicheko hicho. Nilisimama koridoni na simu sikioni baada ya yeye kukata, na nikaamua kufanya jambo ambalo watu wangu hawangeliamini. Nitatoka nyumbani.

Nilienda Bungoma. Huko nina mwenzangu tuliyesoma naye sekondari, ana studio ya picha karibu na soko tangu siku za filamu. Nikiwa mtoto nilijua tumefika Webuye kwa pua, kwa ule mvuke wa kiwanda cha karatasi, na sote tulikuwa tukiulaani. Safari hii harufu haikuwepo, nikapita Webuye bila kujua nimepita. Nikageuka kuangalia nyuma kama mtu aliyesahau mzigo.

Mwenzangu aliponiona mlangoni hakunisalimu.

"Nani amekufa?" aliuliza.

Nikamwambia hakuna.

"Wewe hutoki Kitale kama hakuna mtu amekufa. Kaa chini uniambie pole pole."

Nilimwambia nataka kioo cha machungwa cha kupiga picha matumbawe. Aliniangalia, akawaangalia wateja wake wawili waliokuwa wakichana nywele mbele ya pazia lake la kupigia picha, lililochorwa maporomoko ya maji, kama anayewaomba wawe mashahidi. Halafu akaingia nyuma. Alirudi na mkebe wa biskuti, na ndani ya mkebe, kwenye pamba, kulikuwa na vioo vya mviringo vyenye fremu ya chuma: njano, nyekundu, na kimoja cha machungwa. Akanieleza kwamba zamani, kwa filamu nyeusi na nyeupe, mbingu ilikuwa ikitoka tupu kama shuka. Ukiweka kioo hiki kinabana buluu ya mbinguni, na mawingu yanatokea. Alikuwa amepiga nacho harusi nyingi za watu, wakisimama na Mlima Elgon nyuma yao na mawingu juu, na nusu ya watu hao hawapo tena. Alikipangusa kwa shati lake, akakitazama kuelekea dirishani.

"Chukua," akasema. "Nani siku hizi anahangaikia mawingu?"

Nilirudi nacho kifuani, kama binti yangu alivyobeba ndoo yake.

Jumamosi asubuhi nilifunga pazia zote. Nilipangusa kioo cha tangi ndani na nje, nikazima pampu ili maji yatulie na matumbawe yaache kucheza. Mwenzangu alikuwa ameniambia nisimame wima mbele ya tangi, nisipige kwa upande, kwa sababu kioo kinene kinapinda vitu. Nikafunga lile duara la machungwa kwa simu na raba bendi mbili. Nikagusa tumbawe kwenye skrini mpaka likakaa sawa, nikapunguza mwanga kidogo, nikashika pumzi. Stuli niliifungia jikoni.

Nilipoangalia ile picha nilikaa chini sakafuni. Kijani kilikuwa kijani. Vile vitufe vyekundu, ambavyo vilikuwa vimefunguka wiki iliyopita kimoja kimoja kama wanafunzi waliochelewa, vilikuwa vyekundu, na kitovu cha kila kimoja kiliwaka manjano. Uyoga wa machungwa ulionekana mpaka mishipa yake. Hata samaki kwa mara ya kwanza alikuwa na sura. Yote niliyokuwa nikiyaona peke yangu kwa miaka miwili, nikiwa na sahani ya ugali magotini, yalikuwa pale ndani ya simu, tayari kusafiri. Nikaona kwamba nimesema. Kila kitu nilichoshindwa kumwambia kilikuwa kwenye picha hiyo. Zilikuwa zimebaki siku tano mwezi uishe.

Nikaituma.

Nilioga, nikavaa shati la kutoka, nikakaa karibu na simu. Jibu lilikuja baada ya saa moja hivi. Nalikumbuka lote kwa sababu si refu.

Wow Baba. Imetoka safi sana. Kumbe zinaishi poa hata bila mimi.

Nilisoma mara ya kwanza nikatabasamu. Mara ya pili tabasamu likapungua. Mara ya tatu nilivua shati.

Jumapili simu haikulia. Jumatatu nikajiambia ni shifti. Nilikaa koridoni na sweta moja ya kijani, nikiishona kola, nikaifumua, nikaishona. Nilikuwa nimempigia mtoto picha inayosema hapa hapaharibiki kitu, kaa huko tu. Picha za buluu zilikuwa na faida yake. Angalau zilimtia wasiwasi. Ile siku ya juisi aliuliza maswali kwa saa nzima, alicheka, alikuwa kama yuko jikoni. Nikawa nafikiria juu ya sukari. Si nyingi. Kiasi cha kufunga vile vitufe siku mbili tatu, ili niwe na kitu cha kumuuliza, ili aseme Baba ngoja, hiyo huwezi peke yako, nakuja. Usinihukumu mapema. Mtu aliyelelewa kupeleka maneno yake kwa kuzunguka, njia zote zikifungwa, anaweza kuzungukia hata kwenye bakuli la sukari.

Jumanne mchana nilichanganya juisi. Nilijiambia ni ya kunywa. Nilisimama nayo mbele ya tangi, chini ya taa za buluu, na glasi mkononi ilikuwa na rangi nyeusi ya ajabu. Samaki alikuja juu kuniangalia. Mlango wangu wa nyuma haufungwi mchana, na jirani hajawahi kubisha tangu tulipojuana. Aliingia na kopo la maziwa, akaniona, akaona glasi, akaona mkono wangu ulikokuwa umeelekea. Juu ya juisi ya kwanza alijua. Juu ya mkataba na ule ujumbe nilikuwa nimemwambia mwenyewe asubuhi kupitia ua, kwa kuzunguka, nikijifanya naongea juu ya bei ya maziwa.

Aliweka kopo juu ya gunia la mahindi. Hakuja karibu. Aliongea kwa sauti yake ya kawaida, ile anayotumia kwa ng'ombe na kwa mwanawe.

"Hiyo juisi kunywa, mzee. Na kama unataka mtoto wako arudi nyumbani, mpigie umwambie na mdomo yako. Samaki haiwezi kukusemea."